Hivi sisi watu wazima wa mjini tunakula matunda na mboga kidogo kuliko zamani, au tunahesabiwa vibaya?

#1 Kipimajoto
Wakuu, habari za jioni.

Kila ripoti ya afya ninayoifungua inaimba wimbo uleule: watu wazima wengi hawafikishi gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kile kiwango ambacho jopo la WHO na FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) lilikitoa kwenye ripoti ya 2003. Kenya, utafiti wa STEPS wa 2015, ule wa kuhoji watu wazima kwa dodoso la WHO, ulikuta asilimia 94 ya watu wazima wako chini ya sehemu tano kwa siku, yaani gramu 400 hizohizo. Marekani, kwa takwimu za 2019, waliofikia kiwango cha nchi yao cha matunda ni asilimia 12.3, na cha mboga ni asilimia 10 tu. Nchi mbili zilizo mbali kabisa kwa kipato, na majibu yanafanana kama mtu na pacha wake.

Lakini nikiangalia watu wa mjini ninaoishi nao, kila mmoja ana blenda, kila mmoja anaongea lishe, na ofisini bakuli la matunda yaliyokatwa limeshakuwa jambo la kawaida. Sasa nani anadanganya?

Dai langu ni hili: mtu mzima wa mjini ameongeza matunda kidogo, ameacha mboga kimyakimya, na jumla imebaki palepale. Anayebisha aje.

#2 Jirani Mwema
Nimekaa mkao wa kula. Sio mboga.

#3 Takwimu Tupu
Nabisha, ila si kwa sababu unayoitegemea.

Kabla ya kusema watu wameacha au wameongeza, tazama swali lenyewe linaulizwaje. Kwenye STEPS unaulizwa: katika wiki ya kawaida, unakula matunda siku ngapi? Katika mojawapo ya siku hizo, unakula sehemu ngapi? Kisha mboga hivyohivyo. Mhoji anakuonyesha kadi za picha ujue sehemu moja ni kiasi gani. Basi. Hakuna mizani wala anayekufuata jikoni.

Tunda linahesabika kirahisi: chungwa moja ni chungwa moja. Mboga iliyokatwakatwa ndani ya mchuzi je? Nyanya, kitunguu, karoti na pilipili hoho vimepikwa chungu kimoja na wamekula watu watano. Nani anajua alipata gramu ngapi? Wengi watasema "sehemu moja" yaishe. Kwa hiyo huo upungufu wa mboga unaouona, sehemu yake inaweza kuwa imezaliwa kwenye dodoso.

#4 Mama Wawili
Takwimu Tupu umenikumbusha. Mimi nilishawahi kuhojiwa nyumbani, utafiti kama huohuo. Kijana mpole, ana kadi zake. Akaniuliza mboga mara ngapi kwa wiki, nikamuuliza kitunguu na nyanya vinaingia? Akasoma karatasi yake, akaniangalia, akasoma tena. Mtoto analia, chakula kiko jikoni kinaungua. Nikamtajia namba ya kwanza iliyonijia kichwani ili aende.

Kama na wenzangu walijibu hivyo, hizo asilimia mnazozipigania humu ni jasho la bure.

#5 Kipimajoto
Mama Wawili hahaha, kumbe ni wewe uliyetuharibia takwimu za taifa!

Ila Takwimu Tupu, kosa la kupima likiwa lilelile kila mwaka, mwelekeo bado unaonekana. Mizani mbovu inayozidisha kilo moja kila siku bado itakuonyesha kama umenenepa.

#6 Takwimu Tupu
Ikiwa kosa ni lilelile. Hapo ndipo panapouma.

Kuna jaribio lilichapishwa 2008, lilifanyika Marekani. Waliwagawa wanawake kwa bahati nasibu. Kundi moja wakatajiwa kwanza umuhimu wa kula sehemu tano kwa siku, jingine hawakutajiwa, kisha wote wakaulizwa wanakula nini. Waliotajiwa wakaripoti kula zaidi, na walikuwa hawajapata hata muda wa kubadilisha mlo! Walijua tu jibu zuri ni lipi.

Kampeni ya sehemu tano ilianza California 1988, ikawa ya Marekani nzima 1991, Uingereza wakazindua yao 2003, na sasa iko kila mahali. Kadiri kampeni inavyosikika ndivyo watu wanavyojua jibu zuri. Kwa hiyo mizani yako inabadilika uongo kila mwaka, mkuu.

#7 Bwana Lishe
Niweke sawa jambo moja kabla uzi haujaenda mbali, maana naona "sehemu tano" inatumika kama ni kipimo kimoja dunia nzima. Sicho.

Zile gramu 400 ni sehemu tano za gramu 80, na viazi na mizizi mingine yenye wanga havimo. Australia wana sehemu mbili za matunda na tano za mboga, ila tunda lao ni gramu 150 na mboga gramu 75, jumla inakuwa gramu 675. Denmark wanahimiza gramu 600. Japani wao wanaweka lengo la mboga peke yake, gramu 350 kwa siku. Marekani mwongozo wao unahesabu viazi miongoni mwa mboga. Uingereza viazi vya kawaida havihesabiki lakini viazi vitamu vinahesabika.

Kwa hiyo ukichukua mtu mmoja na sahani moja ukamzungusha nchi hizo zote, kwingine amefaulu na kwingine amefeli. Kipimajoto, ule ulinganisho wako wa nchi mbili kwenye #1 usiutegemee sana. Kila upande umepimwa kwa rula yake.

#8 Kiazi Kikuu
Ngoja kwanza. Viazi vya kukaanga havihesabiki?

Nimeishi maisha yangu yote nikijua niko kundi la wala mboga.

#9 Jirani Mwema
@Kiazi Kikuu omba uraia wa Marekani haraka.

#10 Genge la Bibi
Mimi nauza mboga na matunda, miaka mingi sasa. Hizo dodoso zenu sizijui, najua kinachoondoka mezani kwangu.

Mleta uzi yuko karibu na ukweli. Zamani mteja wangu mkubwa alikuwa mama anayenunua mafungu ya mboga za majani ya kulisha nyumba nzima. Huyo bado yupo, ila amezeeka. Binti yake akija anataka tunda moja, lililoiva, la kula leo. Mboga akinunua anataka iliyokatwa tayari, na anauliza mara mbili kama imeoshwa. Majani yenye udongo hayagusi kabisa. Mwanamume kijana ndiye haji kabisa, labda ametumwa, na akitumwa anapiga simu kuuliza "hii ndiyo yenyewe?"

Kwangu mimi hoja ni kazi. Tunda unalimenya unakula. Mboga inataka uchambue, uoshe, ukate, upike, na uoshe sufuria. Mtu amefika nyumbani usiku, nani ana nguvu hizo?

#11 Mkono Mtupu
Genge la Bibi heshima yako, ila mnaizunguka bei kama hamuioni.

Mwaka 2016 jarida la Lancet Global Health lilichapisha uchambuzi wa PURE, utafiti mkubwa wa kimataifa wa afya ya watu wazima, nchi 18. Walipiga hesabu ya kununua sehemu mbili za matunda na tatu za mboga kwa siku kwa kila mtu wa kaya. Kwenye nchi za kipato cha chini gharama hiyo ingekula takriban asilimia 52 ya kipato cha kaya. Nchi tajiri, chini ya asilimia 2.

Nusu ya kipato! Halafu mtu anakaa anasema watu wamekuwa wavivu wa kuchambua majani.

#12 Zege Halilali
@Mkono Mtupu nakubali kwa maskini. Sasa nieleze hao wa chini ya asilimia 2. Mbona na wao hawali? Marekani asilimia 10, mleta uzi ameiweka hapo juu. Kama bei ndiyo kufuli, wao kufuli lao limeshafunguliwa na bado wamesimama nje ya mlango.

#13 Mkono Mtupu
Nchi tajiri nayo ina maskini wake, mjomba. Wastani unawaficha.

#14 Dirisha la Tatu
Hapo pana utafiti mzuri, naujua kwa sababu ya kazi yangu. Wanauchumi wa Marekani walichapisha 2019, Quarterly Journal of Economics. Kwa muda mrefu ilikuwa inasemwa maskini wa mjini hali vizuri kwa sababu mtaani kwake hakuna duka lenye mboga. Wakafuatilia maduka mapya yalipofunguliwa na watu walipohama mitaa. Hitimisho lao ni kwamba hata ukiwapa kaya za kipato cha chini bidhaa na bei zilezile wanazopata wenye kipato, pengo la ubora wa mlo linapungua kwa takriban asilimia 10 tu. Asilimia 90 inabaki upande wa mnunuzi: anachotaka, anachokijua, alichozoea.

Na Philadelphia 2014 walikuta duka kubwa jipya limefunguliwa mtaani, watu wanalijua, ila ulaji wa matunda na mboga haukusogea.

#15 Mkono Mtupu
Duka karibu si sawa na bei nafuu. Hayo ni mambo mawili na unayachanganya.

Chukua hili na wewe: Massachusetts, 2011 hadi 2012, kaunti ya Hampden. Watu wanaopokea msaada wa chakula wa serikali walirudishiwa senti 30 kwa kila dola waliyotumia kununua matunda na mboga. Ulaji wao ukapanda kwa asilimia 26 kuliko wenzao wasiopata. Senti tu! Hakuna semina, hakuna bango la karoti inayocheka.

#16 Dirisha la Tatu
Asilimia 26, ndiyo. Lakini kwa kiasi halisi ni kama robo kikombe kwa siku. Soma na mstari unaofuata.

#17 Mama Wawili
Robo kikombe kwangu si haba. Kwa watoto wa siku hizi robo kikombe cha mboga ni vita ya saa nzima.

#18 Kipimajoto
Uzi ni wa watu wazima jamani.

#19 Mama Wawili
Baba yao yuko humohumo kwenye vita.

#20 Saa Nane Usiku
Nachangia kama mfanyakazi wa zamu. Nikitoka kazini maduka ya vitu vibichi yamefungwa. Kilichobaki wazi kinauza vitu vilivyokaangwa na vya kwenye pakiti. Nikiwa na siku ya mapumziko nanunua mboga nyingi kwa nia njema kabisa, halafu zamu zinabadilishwa, mboga inalegea kwenye friji, inakuwa ya njano, natupa. Mara ngapi unaweza kutupa hela kabla hujaacha kununua?

Kwa hiyo sijui niwekeni kundi gani. Bei? Muda? Uvivu? Mimi naona ni kuoza. Mkate hauniozei kwa siku mbili. Biskuti hainidai chochote.

#21 Genge la Bibi
Pole mwanangu. Hata kwangu kinachooza ni kingi, na hicho kilichooza kimo ndani ya bei unayolipa. Watu hawajui.

#22 Bwana Lishe
Genge la Bibi amesema jambo kubwa kwa maneno machache. FAO mwaka 2019 walikadiria asilimia 14 ya chakula duniani inapotea kati ya mavuno na kabla ya kufika dukani, na kwa matunda na mboga kiwango kinapita asilimia 20. Hapo bado hujafika kwenye friji ya Saa Nane Usiku.

Hili pia linawahusu wanaopenda kunukuu takwimu za "upatikanaji wa mboga kwa kila mtu". Zile za mizania ya chakula za FAO zinaonyesha kilichopatikana nchini ukigawa kwa idadi ya watu. Kilichoozea gengeni au kwenye friji kimo ndani. Nchi inaweza kuonekana ulaji umepanda, kumbe kilichopanda ni jalala.

#23 Zege Halilali
Saa Nane Usiku, swali dogo: hiyo mboga unaiweka karibu na nini?

#24 Saa Nane Usiku
Kwenye droo ya chini, pamoja na matofaa na kila kitu.

#25 Zege Halilali
Ndiyo hapo! Tofaa, ndizi mbivu, parachichi na nyanya vinatoa gesi ya ethilini wakati wa kuiva. Majani yakikaa nayo yanageuka njano upesi. Tenganisha. Majani yakaushe maji kwanza, yafunge kwenye kitambaa au karatasi, kisha droo yake peke yake. Nyanya zisiingie friji kabla ya kuiva, zinapoteza ladha. Na ndizi ikipigwa na baridi ganda linakuwa jeusi, ingawa ndani bado nzuri.

#26 Jirani Mwema
Uzi wa takwimu umekuwa uzi wa friji. Naupenda zaidi hivi.

#27 Blenda Moja
Mimi nashangaa mnalia muda wakati kuna juisi. Kila asubuhi nasaga matunda matano, nakunywa, nimemaliza sehemu zangu kabla ya saa mbili. Mjini watu wengi tumehamia huko na wahesabuji wenu hawatuoni. Huo ndio mwelekeo mpya.

#28 Bwana Lishe
Blenda Moja, taratibu. Kwa hesabu ya Uingereza juisi au matunda ya kusaga ni sehemu moja tu kwa siku, mililita 150, hata ukisaga shamba zima. Na mwongozo wa WHO wa sukari wa 2015 unaiweka sukari ya juisi kundi moja na sukari unayoongeza kwenye chai, ile wanayoshauri isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku.

Mwaka 2013 jarida la BMJ lilichapisha ufuatiliaji mrefu wa wahudumu wa afya wa Marekani. Waliokula zaidi matunda mazima, hasa zabibu, matofaa na buluberi, walikuwa na hatari ndogo ya kisukari cha aina ya pili. Waliokunywa zaidi juisi, hatari ilikuwa kubwa zaidi. Tunda lilelile, ila kwa juisi umetupa nyuzinyuzi na umekunywa kwa dakika moja kile ambacho ungekitafuna kwa robo saa.

#29 Blenda Moja
Mimi sichuji. Nasaga na kunywa vyote. Nyuzinyuzi zipo.

#30 Bwana Lishe
Hiyo ni afadhali kuliko iliyochujwa, sikatai. Bado matunda matano kwa glasi moja ni mengi. Je, ungeweza kuyatafuna yote matano kwa mkao mmoja?

#31 Kiazi Kikuu
Viazi vyangu navitafuna. Natoa taarifa tu.

#32 Takwimu Tupu
Nirudi kwenye dai la mleta uzi, maana mmeshalizika. Kama unataka mwelekeo uliopimwa vizuri, nenda Japani. Wana utafiti wa kitaifa wa lishe ambao kaya zinaandika na kupima walichokula, si kukumbuka tu. Lengo ni gramu 350 za mboga. Mwaka 2019 wastani wa watu wazima ulikuwa karibu gramu 280, na tangu hapo haujapanda. Walio na miaka 20 na kitu wako chini, walio juu ya 60 ndio wanaoshikilia wastani.

Hii ni nchi yenye kampeni kwa miongo, maduka kila kona, kipato, na sifa ya mlo mzuri duniani kote. Ukileta bei, sawa. Ukileta umbali wa duka, hapana. Ukileta umri, hapo nakusikiliza: inaonekana kizazi kinachokula mboga kinazeeka, na kinachokuja nyuma yake hakijazirithi.

#33 Genge la Bibi
Ndicho nilichosema kwenye #10 bila Japani.

#34 Dirisha la Tatu
Takwimu Tupu, hiyo inaweza kuwa umri na si kizazi. Vijana karibu kila mahali hula mboga kidogo kuliko wazee, na pengine wazee hao walipokuwa vijana walikula hivyohivyo. Mtu akipata presha au sukari, au daktari akimtisha, ndipo anaanza kutafuta majani. Bila kufuatilia watu walewale kwa miaka mingi huwezi kutofautisha.

#35 Takwimu Tupu
Kweli haitenganishi peke yake. Ila wastani wa wote nao haupandi wakati nchi inazidi kuwa ya wazee. Kama ni umri tu, ungetegemea upande. Ulifikirie hilo.

#36 Dirisha la Tatu
Bei za mboga nazo zilipanda Japani miaka hiyo ya karibuni, na mvua na joto viliharibu mazao. Linaweza kuwa hilo.

#37 Mkono Mtupu
BEI. Asante. Nimeondoka na kombe langu.

#38 Chujio
Hakuna aliyegusa woga? Mimi nilipunguza matunda baada ya kuona video za dawa za kilimo. Nikishika tofaa linang'aa sana naliona kama limepakwa sumu. Na najua siko peke yangu, kila kundi la simu ninalokaa lina mtu anasambaza hizo video. Nadhani mjini hiki ni chanzo kikubwa kuliko mnavyodhani, maana mtu wa mjini hajui nani amelima.

#39 Zege Halilali
Osha kwa maji yanayotiririka na usugue, sabuni usitumie. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walijaribu matofaa yaliyopakwa aina mbili za dawa, wakayaweka kwenye maji yenye bikaboneti ya soda kwa dakika 12 hadi 15. Iliyokuwa juu ya ganda iliondoka. Iliyopenya ndani ya ganda haikuondoka yote.

#40 Chujio
Kwa hiyo imepenya. Asante kwa kunituliza.

#41 Bwana Lishe
Chujio, usiache matunda kwa hilo. Menya kama una wasiwasi. Tafiti kubwa zinazoonyesha walaji wa matunda na mboga wanaishi zaidi zimefanywa kwa watu wanaokula vitu vya sokoni vya kawaida, dawa zake zikiwemo.

#42 Saa Nane Usiku
Hivi hizo gramu 400 zenyewe zina uzito gani? Nikifikisha 300 nimefanya kazi bure?

#43 Takwimu Tupu
Hapana, na hapo wataalamu wenyewe hawajakaa meza moja. PURE 2017, zaidi ya watu 135,000 katika nchi 18: faida kwa vifo vya jumla ilionekana kufika kileleni kwenye gramu 375 hadi 500. Mwaka huohuo 2017 uchambuzi mwingine uliojumuisha tafiti nyingi ukasema faida inaendelea hadi gramu 800. Halafu 2021, jarida la Circulation, sehemu tano zinatosha, mbili za matunda na tatu za mboga, zaidi ya hapo hawakuona nyongeza.

Wote wanakubaliana kwamba hatua ya kwanza, kutoka karibu sifuri kwenda sehemu mbili tatu, ndiyo yenye faida kubwa. Kwa hiyo 300 zako ni za maana.

#44 Kiazi Kikuu
Na hiyo ya 2021 ilisema nini kuhusu viazi?

#45 Takwimu Tupu
Mboga zenye wanga kama viazi, mahindi na njegere, pamoja na juisi, hazikuonyesha faida hiyo.

#46 Kiazi Kikuu
Niliuliza kwa nini mimi.

#47 Blenda Moja
Karibu kwenye msiba, ndugu.

#48 Kipimajoto
Nimesoma yote. Naona bei, muda, kuoza, umri, woga, dodoso. Kila mtu amekuja na mshukiwa wake na hakuna aliyetiwa hatiani. Bado nashikilia kwamba matunda yamepanda kidogo na mboga imeshuka, kwa sababu kila hoja hapo juu inaiumiza mboga kuliko tunda: mboga inataka muda, inaoza mapema, inapotea kwenye mchuzi wakati wa kuhesabu.

#49 Dirisha la Tatu
Hiyo ya mwisho inaharibu hoja yako. Kama mboga inapotea wakati wa kuhesabu, basi huenda haijashuka, haionekani tu.

#50 Kipimajoto
Basi tujipime wenyewe. Wiki moja, kila mtu na mizani yake ya jikoni, matunda safu moja, mboga safu nyingine, tulete hapa. Nani yuko tayari?

#51 Genge la Bibi
Mizani ninayo. Muda wa kupima cha kwangu mwenyewe ndio sina, ila mjukuu ataandika.

#52 Saa Nane Usiku
Nipo. Zilizogandishwa zinaingia? Nimeanza kununua hizo baada ya #25, haziniozei.

#53 Bwana Lishe
Zinaingia, na virutubisho vyake havipishani sana na vya mboga mbichi iliyokaa siku kadhaa. Angalia tu isiwe imeongezwa chumvi au mchuzi.

#54 Takwimu Tupu
Kabla hamjaanza: mnapima kabla ya kumenya au baada? Ganda la ndizi peke yake ni kama theluthi ya uzito wake. Na mboga mnapima mbichi au ikishapikwa na kunywea? Msipokubaliana hilo sasa, mtakuja hapa na namba ambazo haziwezi kulinganishwa na tutaanza uzi upya.

#55 Mama Wawili
Baada ya kumenya, jamani. Nani anakula ganda?

#56 Zege Halilali
Wapo wanaolipika.

#57 Kiazi Kikuu
La kiazi je?